Mukaka na Mgeni wa Jumamosi

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na watu wa Butembo wananijua kwa mambo mawili: hasira za karibu na kipindi cha Jumamosi. Hasira ni zangu. Kipindi, nikubali tu, si changu. Ni cha mama mmoja muuza mboga ambaye hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa maandishi yangu. Kila nilipomkabidhi karatasi aliitumia kufungia poireaux, vile vitunguu vya majani marefu anavyouza sokoni.

Jina lake ni Katungu. Alizaliwa Kipese, huko juu kwenye baridi ambako hata kabichi zinavaa makoti. Aliolewa Butembo, akazaa watoto saba, akamzika mume, na kwa miaka thelathini amekuwa akipokea mizigo ya mboga inayoshuka kutoka kwao. Sokoni na kanisani hakuna anayemwita Katungu. Wanamwita Mama Vagheni, kwa jina la kifungua mimba wake, kama ilivyo desturi yetu. Kwenye televisheni anaitwa Mukaka, yaani nyanya, mama wa mama. Uyashike majina hayo mawili, Mama Vagheni na Mukaka, maana nusura yatuvunjie nyumba.

Chanzo cha yote ni kosa langu. Wakati wa Ebola nilipata kazi ya kumtafsiria daktari mmoja Mwingereza pale Beni. Alipoondoka aliniachia viatu vya mvua na sanduku la diski. Humo mlikuwa na kipindi cha kuchekesha cha kwao: maigizo mafupi mafupi, na kila juma mtu mashuhuri anakuja kuwa mgeni, leo mwimbaji, kesho mchezaji mpira. Mgeni anavishwa nywele za bandia, anamwagiwa uji, anaitwa mjinga mbele ya taifa zima, na Waingereza wanavunjika mbavu. Nilizitazama diski zote mara tatu. Nikajiambia, Lévi, hiki ndicho Butembo inakosa.

Televisheni yetu ni ndogo, mawimbi yake hayafiki hata Beni. Mkurugenzi wake, Ananie, alinipa saa moja ya Jumamosi.

"Mais Lévi," aliniambia, "batu bakikosa kucheka mara tatu, ile saa naipatia bahubiri."

Tulichukua ukumbi wa mtaa, tukajaza viti. Mgeni wetu wa kwanza alikuwa Kataliko, kipa wa timu, kijana wa miaka ishirini na miwili. Nilimwandikia igizo ambalo, kwa maoni yangu, Mwingereza yeyote angelilipia: kipa ameajiriwa kulinda duka la mayai, na kila yai analorushiwa linampita. Yai la kwanza lilimpasukia kifuani. Ukumbi kimya. La pili likamwangukia kwenye paji la uso. Kimya cha msibani. La kumi na mbili lilipopasuka, mzee mmoja wa mstari wa mbele akasimama, akanyanyua kiti chake mwenyewe, akapanda nacho jukwaani, akamkalisha Kataliko na kumpangusa uso kwa leso. Akanigeukia.

"Mwalimu, kwenu mugeni banamupokeaka hivi?"

Ukumbi mzima ukaguna pamoja naye. Mama mmoja aliuliza kwa sauti kama mgeni amekula. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa jembe hata hajakaa, tena mbele ya kamera.

Katungu alikuwa pembeni. Alikuja kuniletea mayai ya igizo, kwa kuwa mimi ni mteja wake wa siku nyingi, na alikuwa anasubiri kapu lake. Alipoona nimekwama akapanda jukwaani bila kuitwa, mikono kiunoni, akamtazama yule kijana kuanzia viatu hadi nywele.

"Bwana yangu," akamwambia, "mayai kumi na mbili, hata moja haukushika? Na weye njo ulisema utanishika mukono mupaka ku uzee?"

Ukumbi ulilipuka. Watu waliokuwa wananitazama kama mwizi wa mbuzi sasa walikuwa wanajipiga mapajani. Kataliko mwenyewe alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kiti, na yule mzee wa leso akacheka kuliko wote.

Hapo nikaona upumbavu wangu. Kwetu mgeni hachekwi. Lakini nyanya na mjukuu wana ruhusa yao. Nyanya humwita mjukuu wake wa kiume mume, humlaumu kwa kutomjengea nyumba, huwaonea wivu wasichana wake, na mjukuu humjibu kwamba akiota meno mapya watafunga ndoa. Hakuna anayekasirika, maana mzaha huo ndio upendo wao. Katungu alimfanya mgeni kuwa mjukuu, na mjukuu akachekwa kwa haki.

Basi kipindi kikawa chake. Kabla ya kurekodi humkalisha mgeni kwenye kreti ya soda nyuma ya pazia na kumhoji: mama wa mama yako ni wa wapi? Baba wa baba yako alilima kilima gani? Ujamaa kwetu ni kama njia za shambani. Ukitafuta kwa subira hukosi pa kupita. Yassini, msafirishaji wa Beni, Mwislamu mwenye malori matatu, alihojiwa nusu saa nzima. Mwishowe ikagunduliwa kwamba nyanya yake alikuwa akinunua kabichi kwa mama yake Katungu. Ikatosha.

"Dini yako inakuruhusu bibi bane," akamwambia mbele ya watu, yaani wake wanne, "mais mimi peke yangu natosha."

Yassini alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Hata mchungaji wa Katungu alimwita kumwonya, kisha akakiri kwamba yeye hutazama kile kipindi kila Jumamosi, ili ajue cha kuombea.

Katungu alikuwa mtu mwenye furaha, na furaha yake haikuwa ya kuigiza. Alikuwa na donda moja tu, nalo ni Gracieuse, kitinda mimba wake, muuguzi wa Beni. Gracieuse alichumbiwa mara ya kwanza mwaka ule wa Ebola. Alikuwa anafanya kazi kwenye kituo cha matibabu kule Mangina, na familia ya mchumba ikatuma neno kwamba haitaki mikono ile iwapikie. Ndivyo walivyosema: mikono ile. Katungu alinisimulia habari hiyo mara moja tu, akiwa anafunga poireaux, na hakuinua macho. Tangu hapo alitaka jambo moja duniani, kwamba mtoto wake apate watu wa kumpokea kwa moyo mweupe.

Mwaka huu jambo hilo likakaribia. Shangazi yake Gracieuse alileta habari kwamba kuna kijana wa Beni, na kwamba watu wake watafika Jumapili ya juma lijalo kujitambulisha. Jina hakulitaja. Katika ukoo wao jina la mchumba huja na watu wake, mlangoni, siku yenyewe. Gracieuse naye hakumwambia kijana kuwa mama yake ndiye Mukaka wa televisheni, kwa kuogopa asije akafika mlangoni akicheka. Katungu akapaka nyumba chokaa, akaazima viti vya kanisa juma moja na nusu kabla ya wakati.

Katikati ya hayo ikafika Alhamisi ya kurekodi. Mgeni tuliyemwalika aliamka na malaria, ikabidi tumpigie simu mwingine asubuhi ile ile. Akakubali Jacob, mtangazaji wa redio wa Beni, yule wa kipindi cha wakulima wa kakao. Sauti yake ni ya kusimamisha pikipiki njiani. Alifika saa nane mchana, ana vumbi mpaka kwenye kope, akakalishwa kwenye kreti.

"Mama wa mama yako?" Katungu akauliza.

"Alikuwa wa Kipese, Mukaka."

Ikatosha. Haikuwa damu, ilikuwa ujirani wa vilima viwili, lakini kwa kipindi ilitosha. Tulimwuliza anatoka wapi. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi.

Nilikuwa nimeandika kurasa nne. Walizitupa zote. Wakaigiza mume na mke wanaovuka tope la njia ya Beni, na mke hataki kuchafua viatu vyake vya kanisani. Katungu akampanda Jacob mgongoni. Akamchapa kwa poireau ili aongeze mwendo. Akamwuliza kwa nini anazitunza kakao za watu wote redioni na nyumbani hakuna hata mchicha. Jacob alizunguka jukwaa mara tatu na mzigo wake, akilia kama punda. Ukumbi ulilia machozi, Ananie akawa anang'ata kola ya shati ili kicheko chake kisiingie kwenye kamera. Nikajua kabisa kwamba sitaandika wala kuona kipindi kizuri kuliko kile.

Baadaye tukakaa nyuma ya pazia kula bugali na sombe, yaani kisamvu, sisi watatu kwenye sinia moja. Katungu alikuwa bado yumo ndani ya mchezo.

"Bwana yangu, na yule bibi mwingine utamuoa lini?"

Jacob akacheka. "Siku ya yenga ya wiki inakuya tunaenda kwabo, Mukaka. Ni hapa hapa Butembo. Ni infirmière, anaitwa Gracieuse. Mama yake anauzishaka poireaux ku soko, banamwita Mama Vagheni. Hapana unamujua?"

Katungu aliliweka tonge chini. Akavuta kitenge chake, akafunika kichwa na uso wote, akageukia ukuta. Kisha akatoka akipapasa ukuta kwa mkono. Jacob akabaki ameshika sombe hewani. Ikabidi nimweleze mimi, na sijawahi kutamani kuwa bubu kama siku hiyo.

Kama wewe si wa kwetu, elewa hivi. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mikono. Hawali sahani moja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Umbali huo ndio heshima, na heshima hiyo ndiyo inayoilinda ndoa. Sasa Jacob alikuwa amembeba mama mkwe wake mgongoni, akachapwa kwa kitunguu mbele ya watu mia mbili, kisha wakala pamoja.

Habari ilifika Beni kabla ya pikipiki ya Jacob. Ijumaa asubuhi alinipigia simu Mathe, baba yake mdogo aliyemlea, mkulima wa kahawa wa Mutwanga. Hakupoteza maneno.

"Mwalimu, mimi siwezi kutafuta bibi ku nyumba penye heshima ilivunjika. Yule mama achague. Kama ni mukaka, abakie mukaka, na binti yake abakie naye. Kama ni mukwe, tumuone mukwe. Kesho nitakuya ku ile ukumbi yenu, niangalie na macho yangu."

Nikaenda kwa Katungu. Hakuwa amekwenda sokoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikuwa ameketi kwenye kimoja cha vile viti vya kanisa, ukuta mpya wa chokaa nyuma yake.

"Mwalimu, ile kipindi uifute," akasema.

Hasira zikanipanda. Nilimwambia kile ni kipindi kizuri kupita vyote, kwamba hatuna kingine cha kuonyesha, kwamba Ananie atatutupa nje. Nadhani nilipiga hata meza.

"Mwalimu," akasema, "ule mutoto balishamukataa mara moja juu ya mikono yake. Hapana bamukatale mara ya pili juu ya miguu yangu."

Nikafuta. Nilikibonyeza kitufe mwenyewe, na kiliniuma, sitadanganya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumamosi, saa kumi alasiri, watu walijaa ukumbini, kama kila Jumamosi, kutazama kipindi kikirushwa, na hatuna kitu. Ananie akaamua turushe moja kwa moja, lolote litakalokuwa. Mathe alikuwa ameketi mstari wa mbele, mzee mwembamba, kofia magotini, uso umefungwa kama duka siku ya yenga, yaani Jumapili. Gracieuse alikuwa amekuja kutoka Beni, akasimama karibu na mlango kana kwamba yuko tayari kukimbia. Jacob alikuja kwa sababu nilimwomba, hakujua la kufanya, wala mimi sikujua.

Katungu akaingia na kitenge kipana na kamba. Akakitundika katikati ya jukwaa, kutoka juu mpaka sakafuni. Akamwonyesha Jacob kwa kidole, bila kumtazama, akae upande ule. Yeye akakaa upande huu. Mimi akanisimamisha kwenye ncha ya nguo, mahali ambapo niliweza kuwaona wote wawili.

"Weye utakuwa kinywa yetu," akaniambia. "Mimi hapana kusema na mukwe."

Kisha akakohoa kwa adabu na kuanza.

"Mwalimu, ambia yule mutu wa ng'ambo kama mimi simujui, sijamuona, na mugongo yake sijaipanda hata siku moja."

Nikafikisha. Jacob akatazama kitenge, akatazama watu, kisha nikaona kona ya mdomo wake ikicheza.

"Mwalimu, ambia mama kama mugongo nayo haimujui. Mais iko inauma."

Watu wakaanguka. Kuanzia hapo sikupata nafasi ya kupumua. Katungu aliomba ruhusa, kupitia kwangu, ya kupiga chafya. Jacob akaijadili ruhusa hiyo na mababu zake wote, kisha akaitoa kwa masharti. Kalamu ya Jacob ikaviringika chini ya nguo, na wote wawili wakakimbia, huyu kaskazini, huyu kusini, wakaniachia mimi na kalamu. Hakuna aliyekuwa anamcheka mgeni, wala aliyekuwa anamcheka mama. Kila mtu alikuwa anajicheka mwenyewe na wakwe zake. Na desturi haikuvunjwa hata kwa unywele, ilishikwa kwa mikono miwili. Nikamchungulia Mathe. Uso ulikuwa bado umefungwa, lakini kofia ilikuwa inatikisika magotini.

Kisha Katungu akajifunika kichwa kwa kitenge chake. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya Mukaka.

"Mwalimu, ambia mukwe wangu maneno hii, hii haiko ya kuchekesha. Mutoto wangu alifanya kazi ku Mangina, wakati wa ile ugonjwa. Mikono yake ilishika batu benye hakuna mutu alitaka kubashika. Kama ku nyumba yabo kuko mutu anaogopa ile mikono, aseme leo mbele ya batu, mimi nirudie ku soko yangu."

Nilifikisha neno kwa neno. Ukumbi ukatulia. Nimeshazoea kupima kila kitu kwa vicheko, na kimya kile kilinitia hofu. Jacob akasogea karibu na kitenge.

"Mwalimu," akasema, "ambia mama kama ile mikono naijua. Mimi nilikuwa ndani ya ile kituo, siku kumi na tisa. Njo yeye alininawisha. Alininywesha maji na kijiko. Sura yake sikuiona, alivaa yale manguo yote, niliona macho tu. Kisha kupona, nilimutafuta mwaka muzima, namufuata kwa sauti tu."

Hakuna mtu Butembo aliyejua kwamba yule wa redio aliwahi kulala kule. Hata Katungu hakujua, na kumbe binti yake alilitunza jambo hilo kama anavyotunza siri ya kila mgonjwa. Pale mlangoni Gracieuse alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mathe akasimama. Hakusema na Katungu, maana yeye pia ni mkwe. Alisema na mimi, kofia ameikunja mkononi.

"Mwalimu, ambia huyu mama. Huyu kijana hakutuambia kama ni yule infirmière, leo njo nasikia. Siku bamupeleka kule, sisi ba famille tulikimbia. Mimi wa kwanza. Nilifunga mulango, nikapanda Mutwanga, sikurudi mupaka aliposhapona. Mutoto wa huyu mama alibakia naye. Donc, sisi njo tuko na haya. Kama anakubali kutupokea, yenga tutakuya."

Nikageukia upande wa Katungu. Alikuwa ameshikilia ncha ya kitenge cha kichwani kwa meno, mashavu yamelowa, ananitazama. Alikuwa amesikia kila neno kwa masikio yake mwenyewe, kama sisi wote. Lakini neno la mkwe halijafika mpaka mshenga alifikishe, na yeye alikuwa anangoja lifike. Nikafungua mdomo. Mimi ninayefokea darasa la watoto sitini kila siku, sikuweza kutoa hata silabi moja.

"Sema, mwalimu," Katungu akaninong'oneza. "Sema mbio, nipate kuitikia."